Uso Wako wa Kabla ya Vidonge

Nyemo, mama,

Tulipoteza uso wako ulipokuwa na miaka minne, mwaka ule mvua ilipoikataa Dodoma nzima. Haukupotea siku moja. Ulifunikwa polepole, kwanza macho, halafu mashavu, halafu kidevu kikaungana na shingo, na mimi baba yako nilikuwa nimesimama pembeni nafurahi.

Leo asubuhi uliponiletea chai nimeuona tena. Mfupa wa shavu, ule wa bibi yako. Kidevu chembamba. Nilikaa na kikombe mkononi kama mtu aliyepitiwa na ndoto, nikasema moyoni, huyu hapa, amerudi. Chai ikapoa. Ndipo akili ikarudi mahali pake nikaanza kupiga hesabu, na wewe unajua nikianza kupiga hesabu siachi. Kwa kipimo cha dawa unachopaswa kuwa nacho mwezi huu, uso huo umewahi mno. Labda nimekosea. Labda mwili wako una haraka kuliko hesabu zangu. Au labda umeacha vidonge, ili ufike chuoni Mbeya na sura ambayo hakuna mtu atakayeibandika jina.

Hilo ndilo ninalotaka kujua. Mengine yote katika barua hii ni njia ya kulifikia.

Nakuandikia nikiwa uwanjani kwangu, hapa tunapofyatulia tofali. Vijana wameshanawa wameondoka, mashine imenyamaza, na vumbi la magari yanayorudi kutoka Mtumba limesimama hewani, lina rangi ya ganda la chungwa. Wewe uko saluni, pale mtaa wa Kikuyu, unasukwa nywele za safari. Kwa mdomo nilishajaribu, unajua tulivyoishia. Nilisema tu, "Mama, dawa zinatosha?" Ukasema, "Baba, mimi si mtoto." Nikasema sijataja mtoto, nimetaja dawa. Ukasema, "Kwako wewe ni kitu kimoja," ukaingia ndani. Nikabaki sebuleni na jibu lako, nikawa nalitafuna kama mfupa. Mama yako akaniambia, "Mwache, Baba Nyemo. Ukimsukuma atakudanganya, na akikudanganya mtaumia wote wawili." Kwa hiyo sikusukumi. Nakuandikia.

Habari za sweta, za chakula na za wavulana siziandiki. Mama yako amezisema mwezi mzima, na begi lako linashuhudia. Wala sitarudia ile ya Chimwaga, kwamba chuo kipo hapo, majengo yake unayaona ukiwa umesimama nyumbani, na wewe kwenye fomu ukajaza Mbeya kwa makusudi. Nilisema sitarudia. Basi nimerudia. Liliniuma na bado linaniuma, lakini huo ni uchungu wangu, nitaulea mwenyewe.

Turudi kwenye ule mwaka.

Sikuwa na uwanja huu. Nilikuwa kibarua, nachanganya zege kwa koleo kwenye majengo ya watu, na jioni narudi nyumbani nyusi zimekuwa nyeupe kwa simenti. Mtama uliota vidole viwili ukakauka. Sisi Wagogo njaa tunaijua kwa majina. Mzee wetu ukimuuliza alizaliwa lini, hakutajii mwaka, anakutajia njaa. Watoto wa mtaani kwetu mbavu zilikuwa zinaonekana. Wewe ukaanza kunenepa.

Hebu jiweke mahali pangu. Mtoto mnene, kwetu, mwaka kama ule, si mtoto tu. Ni jibu. Kwa ukoo ulioniita mzururaji, kwa wakwe walioniona si kitu. Jumapili nilikubeba begani kwenda kanisani ingawa miguu ulikuwa nayo, ili watu waone. Wakaona. Mmoja akaniuliza, "Baba Nyemo, huyu mwenzetu unamlisha nini?"

"Jasho langu," nikamjibu.

Nilijibu hivyo, mama, na watu wakacheka vizuri, na mimi nikatembea kama mtu anayeelea. Ulikuwa mzito. Uzito ule niliupenda. Hata leo bega langu linaukumbuka, kama vile mtu anavyokumbuka mkono uliomshika chini ya maji.

Bibi yako ndiye aliyekubonyeza mguu kwa kidole gumba. Shimo likabaki. Tukalitazama wote watatu, wewe ukacheka, ukabonyeza la pili pembeni yake. Bibi akasema, "Hii si shibe." Nikamwambia, "Mama, wewe umezoea watoto wembamba." Tulikaa na ubishi huo mpaka asubuhi macho yako yalipokataa kufunguka, yamevimba kama mtu aliyeng'atwa na nyuki, na mkojo wako kwenye ndoo una povu kama la sabuni.

Daktari alikuwa mama mmoja mpole, wa watoto. Alinieleza kwamba figo ni chekecheke. Chekecheke nalijua, nalishika kila siku. Akasema la kwako matundu yamelegea, protini iliyotakiwa ibaki kwenye damu inapita na mkojo, na ikishapita, maji hayana wa kuyashika, yanatoka kwenye mishipa yanalala chini ya ngozi. Akakupandisha kwenye mzani. Halafu akaandika kipimo cha dawa kwa kufuata uzito mwingine, mdogo. Nikamkatiza, maana namba ikipindishwa mbele yangu siwezi kukaa kimya.

"Daktari, umekosea. Mzani umesema zaidi ya hapo."

"Baba, hicho kingine ni maji," akasema. "Maji hayapewi dawa."

Nikakubeba kurudi wodini, walikokulaza. Jasho langu lote nililowaringia watu kanisani lilikuwa maji. Nje hapakuwa na tone, ardhi imepasuka, ng'ombe wanalamba vumbi, na mvua yote iliyotakiwa kunyesha juu ya nyanda hizi ilikuwa kama imeingia ndani ya mtoto mmoja ikatulia. Bado naota hivyo. Naota nakubeba kupita kwenye mashamba makavu, na kila tunapopita mtama unageuza shingo kututazama.

Vidonge vilikuwa vidogo, vyeupe, vichungu. Ulivitema, tukavisaga, ukatema tena, tukavificha kwenye uji. Baada ya siku kadhaa ukaanza kukojoa. Nyemo, ulikojoa. Kila ukitoka chooni bibi yako alipiga kigelegele kama mvua imeanguka Kongwa, na wagonjwa wengine wakadhani kuna mtoto amezaliwa. Uvimbe ukashuka. Nikadhani sasa nitauona uso wako. Lakini ugonjwa ulikuwa umekupa uso wa maji, na dawa nayo ikakupa wa kwake, uso wa mviringo, mashavu yamejaa, macho yamezama. Na njaa isiyoisha, ulikuwa unaamka unaulizia ugali. Daktari akasema, "Dawa ikishuka, mashavu yatashuka." Nikasubiri. Inashuka kidogo, unapata mafua, chekecheke linalegea tena, dawa inapanda. Inashuka, homa inakupanda, tunaanza upya. Hiyo ndiyo ilikuwa kalenda ya nyumba yetu.

Mimi si mtu wa kukaa bure na tatizo. Daktari aliposema upunguziwe chumvi, nilifika nyumbani nikaimwaga yote uani, kopo zima, mbele ya mama yako na bibi yako, nikasema humu ndani chumvi imekwisha, tutakula chukuchuku kama mtoto. Tukala chukuchuku. Ukazidi kuvimba. Nikarudi kwa daktari na kifua mbele, nikamwambia ushauri wake nimeufuata na haufanyi kazi. Ulikuwa umekaa mezani kwake unaning'iniza miguu. Akakugeukia wewe.

"Nyumbani mnakula nini?"

"Mlenda," ukasema. "Baba alimwaga chumvi. Bibi anaweka magadi."

Daktari akanitazama. Nikasema, "Magadi si chumvi." Ndivyo nilivyoamini. Magadi ni magadi, yanachotwa mbugani, mlenda haulainiki bila magadi, nani Mgogo atakula mlenda usio na magadi? Akasema, "Baba, kwenye mwili wa huyu mtoto, magadi na chumvi ni ndugu wa tumbo moja. Yote yanashika maji." Wewe ukacheka ukasema, "Bibi atalia." Na kweli alilia. Alisema ni yeye aliyekuwa anakumiminia maji, kijiko kwa kijiko. Nikamwambia si yeye, ni sote. Mlenda wa bila magadi tuliula miaka, mgumu, wa kushikana shikana, na hakuna aliyelalamika isipokuwa wewe.

Kulikuwa na mazuri. Sitaki uondoke ukidhani utoto wako ulikuwa wodi tu. Unakumbuka zile asubuhi za kijiti cha kupimia mkojo? Nilikuwa nakuja na wewe hapa uwanjani kabla hujaenda shule, tofali za jana zimelala safu safu zina unyevu, jua ndilo kwanza linatoka. Unachovya kijiti kwenye kikopo, tunakiinua kwenye mwanga, tunasubiri. Kijani ni mbaya, njano ni salama. Kikibaki njano unapaza sauti, "Njano," na vijana wote kwenye mchanga wanaitika, "Njano," wengine hata hawakujua ni kitu gani. Mmoja alidhani ndiyo salamu ya kwetu. Kila nikipita sasa mahali tulipokuwa tunasimama, hata kama ni mchana wa jua la utosi, nasikia baridi ya zile asubuhi kwenye vidole.

Sasa nafika pale ambapo sipendi kufika.

Ulikuwa darasa la pili. Shuleni wakakuita Puto. Ulikuja ukaniambia bila kulia, tena ukaniambia ulivyowajibu: "Puto linapaa, nyie mtabaki chini." Nilicheka mbele yako. Ulipolala mchana nikakutazama mashavu, na pale juu ya mdomo nywele laini ambazo dawa ilikuwa imeziotesha, na urefu wako ambao watoto wa umri wako walikuwa wameupita. Hasira ikanipanda. Kijiti kilikuwa njano wiki nyingi mfululizo. Uvimbe hakuna. Nikasema, mtoto amepona, kinachomharibu sasa ni hivi vidonge. Nikaviacha. Sikumwambia daktari, sikumwambia mama yako. Kila siku ya dawa nilikuwa nakuita uani, nakupa kipande cha muwa badala ya kidonge, tunacheka, tunarudi ndani.

Mimi, Nyemo. Mimi ambaye kazi yangu ni tofali. Kila kijana ninayemwajiri namfundisha jambo moja kabla ya yote: tofali likionekana limekauka bado halijakomaa, endelea kulimwagia maji asubuhi na jioni, usidanganywe na ngozi yake. Nimefukuza watu kwa kuacha kumwagia. Na mtoto wangu nikamwacha kwa sababu kwa nje alionekana amekauka.

Mwili wako haukusubiri hata uvimbe urudi. Ulilegea. Ulitapika, ukawa baridi, ukawa unaniita kwa sauti inayotoka mbali kama mtu aliyeko ng'ambo ya korongo. Tulikufikisha hospitali umelala mikononi mwangu, mwepesi, na wepesi ule ndio ulionitisha kuliko uzito wowote. Daktari aliniuliza, nikamwambia ukweli, maana hapo hapakuwa na nafasi ya kitu kingine. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alinieleza kwa lugha yangu. Akasema juu ya figo kuna kiwanda kidogo ambacho kila mtu amezaliwa nacho, kinatengeneza kitu kinachofanana na dawa hii, na bila hicho kitu mwili hauwezi kusimama. Tukileta mzigo kutoka nje muda mrefu, kiwanda kinafunga mlango, wafanyakazi wanalala. "Ukikata mzigo ghafla," akasema, "unategemea nani aamke?" Ndiyo maana dawa hii inashushwa kidogo kidogo, ili waamke mmoja mmoja.

Mchana ule nilisinzia nimekaa kando ya kitanda chako, joto kali, pazia linapumua. Nikaota umesimama mbele yangu na uso wako wa kwanza, wa kabla ya yote, unanitazama bila kunijua. Nikakuuliza, "Wewe ni nani?" Ukasema, "Niite kwanza." Nikashindwa kukumbuka jina lako. Nilipoamka ulikuwa umefumbua macho, umevimba, una mashavu ya Puto, unaniomba maji. Sijawahi kuona sura nzuri kama ile.

Ulirudi. Ikaja dawa ya pili, ya kusaidia ile ya kwanza ishuke, na vipimo vya damu, na miaka mizuri uliyorefuka hadi ukampita mama yako. Halafu mtihani wa kidato cha sita, ile homa, kijani tena, na vidonge vikapanda juu kabisa. Ulinunua kioo kidogo cha mkononi kipindi kile. Niliona.

Juzi kwenye chakula cha kukuaga, shangazi yako alikushika kiuno mbele ya watu akasema, "Nyemo, umepungua, umependeza, chuo watakoma." Wewe ukacheka kile kicheko cha mtu aliyefanikiwa jambo. Mimi nilikuwa nakata nyama, kisu kikasimama. Mwaka ule walinisifu kwa unene wako, juzi wamekusifu kwa wembamba wako. Watu wale wale, na wala si wabaya. Wanasifu wanachokiona, na ugonjwa wako tangu mwanzo unakaa mahali pasipoonekana.

Begi lako sijalifungua. Chumbani kwako sijaingia. Nimeona tu mambo mawili ambayo baba yeyote mwenye macho angeyaona: uso, na kwamba wiki zote hizi hukuniomba hata mara moja tupite famasi. Vijiti unavipima mwenyewe ukiwa umefunga mlango, na hiyo ni haki yako. Kama unaendelea na dawa na mwili wako umewahi tu kushuka, basi nimekukosea na nitakuomba radhi mbele ya mama yako, kwa sauti, na utaruhusiwa kucheka.

Na kama umeacha, sina mdomo wa kukuhubiria. Mimi nilikuachisha wewe, kwa sababu ile ile, nikitamani uso ule ule. Naujua utamu wa kuuona ukirudi. Leo asubuhi ulinilewesha hata mimi, mzee mzima, mpaka chai ikapoa. Sikukatazi kuutaka. Nimeutaka kwa miaka kumi na mitano. Ninachokuomba ni uupate kwa kushuka ngazi moja moja, daktari akikushika mkono, na si kwa kuruka. Mbeya kuna baridi, kuna mafua, kuna chumba chenye watu usiowajua, na hakuna hata mmoja wao atakayejua ni kwa nini umelegea asubuhi hiyo. Mimi nitakuwa mbali, siku nzima ya barabara.

Nimempigia daktari wako. Sikumsimulia mengi. Amesema, "Aniambie mwenyewe ukweli, mengine yanapangika. Kama ameacha, asipande basi kabla sijamwona." Simu yake iko wazi mpaka saa tatu usiku. Basi linaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi. Kama umeacha, kesho tunaenda hospitali, mimi na wewe, na chuo tutawapigia kwamba utachelewa. Hakuna atakayekunyang'anya nafasi yako, na hakuna atakayekutaja kwa shangazi yako. Kama hujaacha, nitalibeba begi lako mwenyewe hadi kwenye buti la basi, na sitauliza tena.

Mama yako atakupa barua hii ukirudi. Isome peke yako. Usije na maelezo, wala usinijibu kwamba wewe si mtoto, hilo nimelisikia na nimelikubali. Mtu mzima hujibu alichoulizwa. Nitakuwa sebuleni, redio nimeizima.

Umeacha vidonge, Nyemo, au hujaacha? Nijibu kabla ya saa mbili na nusu usiku.

Baba yako